Tahadhari kwa Madaktari wa Meno: Ncha za Almasi Zisizomaliza Gego Moja

Wenzangu, naandika kwa hasira na kwa aibu, kwani nimetapeliwa shilingi 480,000 mchana kweupe, ndani ya kliniki yangu.

Muuzaji wa ncha za keekee za kuchongea meno alikuja Jumanne, akaweka mezani kipande cha kioo, akaiomba keekee yangu, akafunga ncha aliyoitoa mfukoni mwa shati na kukichana kioo kile kama anayekata papai. Alinieleza kwamba hizi si zile za kawaida, ambazo chembe za almasi hushikizwa kwenye chuma kwa nikeli, bali almasi yenyewe imeoteshwa juu ya chuma kutokana na gesi ya methani na hidrojeni, ikawa tabaka moja lisilobanduka. Teknolojia hiyo ipo kweli, na ndiyo maana nilinasa: mtu anayejua kwamba shina la ncha lina kipenyo cha milimita 1.6, na kwamba pete ya kijani shinani ni alama ya chembe kubwa na nyekundu ni ya ndogo, sikumdhania tapeli. Isitoshe, nilihitaji vifaa vya kudumu. Nikalipa kwa simu, nikachukua ncha 40.

Alhamisi nilikuwa nachonga gego la chini la mama mmoja ili livikwe kofia. Dakika ya tatu ncha ikaanza kuteleza, nami nikakandamiza, jambo ambalo nisingemruhusu hata mwanafunzi kulifanya. Ganzi ilikuwa imekolea, hakuhisi maumivu, lakini aliinua mkono na nilipotoa keekee akauliza, "Daktari, mbona nasikia harufu ya kuungua?" Chini ya miwani ya kukuza, kichwa cha ncha kilikuwa nikeli tupu inayong'aa, chembe chache zimesalia shingoni. Kiini cha jino kinaweza kufa joto lake likipanda kwa nyuzi 5 au 6 tu; namfuatilia mama yule kwa hofu hadi leo.

Mtu wa namna hii afikishwe mahakamani, afungwe, na kila senti aliyochuma kwa meno ya watu irudishwe! Kasha halikuwa na namba ya toleo wala jina la kiwanda, risiti aliahidi kuituma, na ncha ya maonyesho haikutoka kwenye kasha nililouziwa. Kioo nacho hukatwa na ncha yoyote ya almasi, hata ya nikeli.

Jumatatu nazipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, ncha 39 zilizobaki pamoja na ile iliyopara. Aliyeuziwa kama mimi asizitupe zake, tuongozane.