Kiyoyozi cha Nyumba Nzima Jijini Houston, na Mkataba wa Matengenezo Unaouzwa Nacho

Anayehamia katika nyumba ya kujitegemea jijini Houston kwa kawaida hukuta mtambo mmoja wa kiyoyozi unaohudumia vyumba vyote, na haupiti muda kabla kampuni ya mafundi haijamshawishi anunue mkataba wa matengenezo wa kila mwaka. Ninavitathmini vyote viwili. Mtambo ninaouzungumzia uko katika nyumba isiyo na ghorofa yenye vyumba vitatu vya kulala, nao ni wa tani tatu, yaani una uwezo wa kuondoa joto la BTU 36,000 (BTU ni kipimo cha joto) kwa saa. Msomaji aliyezoea viyoyozi vya ukutani vya Dar es Salaam au Mombasa, kila chumba na chake na rimoti yake, ajue kwamba hapa kompresa hukaa nje, koili ya baridi na feni ya kusukuma hewa hukaa juu ya dari, na hewa husafiri ndani ya mabomba mapana yaliyovikwa sufi, ikatokea kwenye matundu ya kila chumba na kurudi kupitia tundu moja kubwa lenye chujio. Themostati moja huwaamulia wote, na katika nyumba yenye bibi na wajukuu uamuzi huo haupiti bila kesi.

Kwa utendaji ninaupa mtambo huu alama za juu, na sababu kubwa ni ukavu wa hewa kuliko ubaridi wenyewe. Houston iko karibu na bahari, na unyevu wake wa Julai na Agosti mtu wa pwani yetu ataufahamu mara moja. Hata mashine ambayo Willis Carrier aliisanifu mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn ilikusudiwa kwanza kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu kazi ya karatasi. Hewa ikiwa kavu, nyuzi 78 za Fahrenheit, ambazo ni kama 25.5 za Selsiasi, zinatosha kabisa kulalia, ilhali nyuzi 72 zenye unyevu humwacha mtu akihisi baridi na kunata kwa wakati mmoja. Ndiyo maana swichi ya feni kwenye themostati inafaa ibaki katika hali ya kujiendesha, isiachwe ikizunguka mfululizo: kompresa inapozimika koili bado ina maji, na feni inayoendelea kupuliza huyarudisha maji hayo vyumbani. Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na wanaoagiza mtambo mkubwa kuliko nyumba wakidhani wananunua akiba. Mtambo wa tani tano hapa ungefikisha kipimo kilichotakiwa upesi, ukazima kabla haujaikausha hewa, kisha ukawaka tena baada ya muda mfupi, na kompresa ingechakaa kwa kuwashwawashwa. Fundi anayepanga ukubwa kwa kutazama eneo la sakafu pekee, bila kuuliza kuhusu madirisha, sufi iliyo juu ya dari na upande unaopigwa na jua la alasiri, bado hajapiga hesabu.

Chujio ndicho kinachoamua mengi, nacho hugharimu dola chache tu. Chenye unene wa inchi moja hukaguliwa kila mwezi wakati wa joto na kubadilishwa kikichafuka, hasa penye mbwa au ukarabati wa nyumba. Maduka huuza vyenye daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha jinsi chujio linavyonasa vumbi) kwa bei ya juu, lakini chembamba cha daraja hilo kinaweza kuibana hewa kupita kiasi katika mtambo ambao haukupangiwa. MERV 8 hutosha nyumba nyingi. Hewa ikibanwa sana koili huganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji hutafuta njia.

Maji yenyewe si kidogo, kwani siku ya unyevu mtambo hutoa ndoo nzima na zaidi, na yote hupita katika bomba dogo la plastiki ambalo ute wa mwani hulipenda sana. Kikombe cha siki nyeupe kikimiminwa humo mara kwa mara katika msimu wa joto husaidia kulizuia lisizibe. Nyumba nyingi za huku zina bomba la pili, la dharura, linalotokeza nje juu ya dirisha kwa makusudi ili lionekane, na likianza kudondosha maji maana yake bomba kuu limeziba na dari iko hatarini. Ningependa kila mpangaji aelezwe jambo hili siku ya kukabidhiwa funguo.

Alama ninazipunguza kwenye mabomba ya hewa. Juu ya dari joto la kiangazi hupita nyuzi 50 za Selsiasi, na huko ndiko hewa iliyopozwa kwa gharama hulazimika kupita. Mpango wa Energy Star wa serikali ya Marekani hukadiria kuwa katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita mabombani hupotea kwa mianya na viungo vilivyoachia. Kufunga matundu ya vyumba visivyotumika hakuleti nafuu inayodhaniwa, kwa kuwa shinikizo huongezeka na uvujaji nao huongezeka.

Sasa mkataba. Ni chini kidogo ya dola 200 kwa mwaka kwa ziara mbili. Ziara ya kabla ya joto ina thamani yake: fundi alipima kapasita, kifaa kidogo ambacho hufa mara nyingi na kuizimisha kompresa siku ya jua kali, akakaza nyaya, akaosha koili ya nje, akapima tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka, ambayo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Fahrenheit, kisha akaandika vipimo vyote kwenye karatasi. Ziara ya pili, ya kukagua tanuri la gesi linalotumia mabomba hayo hayo wakati wa baridi, ilikuwa fupi na sehemu yake kubwa ilikuwa mauzo. Nilishauriwa nifunge taa ya urujuanimno na nisafishe mabomba yote, ingawa Mamlaka ya Mazingira ya Marekani haipendekezi mabomba yasafishwe kwa mazoea, bali panapokuwa na sababu kama ukungu au wadudu.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni gesi ya kupozea ya kiyoyozi. Desturi ya kwetu ya kumwita fundi ajaze gesi kila mwaka haina msingi, kwa sababu gesi huzunguka katika mfumo uliofungwa na haitumiki ikaisha. Ikipungua, pana tundu, na kujaza bila kuliziba ni kulipia hewa ya nje. Marekani anayeishika gesi hiyo lazima awe na cheti chini ya sheria ya hewa safi, na ni halali kumwomba akionyeshe. Isitoshe, kwa sheria ya Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2025 mitambo mipya ya majumbani haitengenezwi tena kwa R-410A, gesi iliyozoeleka, bali kwa gesi kama R-32 na R-454B. Mtambo wa zamani unaendelea kuhudumiwa kwa gesi yake, hivyo fundi anayesema lazima ung'olewe kwa sababu ya sheria hiyo anauza, hatengenezi.

Mtambo naupendekeza bila kusita kwa nyumba ya ukubwa huu. Kuhusu mkataba, nimeomba kulipia ziara ya kabla ya joto pekee. Kampuni ikikataa, ziara moja isiyo na mkataba bado itanigharimu pungufu.