Kabuti la jeshi na jaketi la mlimani: uzoefu wangu hapa Glasgow

Kabuti langu ni la muundo wa jeshi la Uingereza wa mwaka 1940: sufu nzito ya kaki, vifungo safu mbili kifuani, ukosi mpana unaosimama hadi masikioni, na urefu unaopita magoti. Nililipata kwenye duka la vifaa kuukuu vya jeshi. Majira ya baridi nalivaa kila ninapojua nitasimama muda mrefu. Jumamosi asubuhi mwanangu anacheza mpira, mimi niko pembeni ya uwanja, upepo unavuma kutoka mto Clyde, na baridi inanipata vidoleni tu. Vazi hili lilishonewa askari wa lindo, mtu wa kusimama saa nyingi palepale, na kazi hiyo linaifanya vizuri kuliko jaketi lolote jepesi nililowahi kuvaa.

Mlimani silipeleki. Njia ya Ben Lomond, mlima wa mita 974, ni ya kupanda tu, na ndani ya sufu nzito jasho linakutoka mapema. Halafu mvua. Sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, kwa hiyo manyunyu hayana shida. Ikinyesha kweli, pindo linakuwa mzigo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Uingereza walikata mapindo ya makabuti yao kwa sababu ya matope ya mahandaki, nami nawaelewa kabisa.

Kwa kutembea navaa jaketi la Gore-Tex. Charles Macintosh, mkemia wa mji huuhuu, alipata hataza ya kitambaa chenye mpira mwaka 1823. Kilizuia mvua, lakini kilifungia jasho ndani. Gore-Tex, iliyotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, ina utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita.

Ila jaketi hilo peke yake halina joto, na wauzaji hawalisemi hili vya kutosha. Linazuia mvua na upepo, basi. Anayetaka mbadala wa kisasa wa kabuti anahitaji nguo mbili: la utando juu, na chini yake jaketi la manyoya ya bata, refu la kufunika mapaja. Yote mawili yakiwa mapya, bei yake inalipita kabuti kuukuu kwa mbali.

Ukinunua kabuti, kagua matundu ya nondo chini ya ukosi na mishono ya kwapani, na chagua linaloingia juu ya sweta. Usilitume Tanzania: Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba wasalimishe sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Kaka yangu wa Njombe, aliyeomba kitu cha kumkinga na baridi ya Juni, nimemtumia jaketi la manyoya ya bata, la bluu.