Mashine ya kusoma kodi (namba za makosa) za injini: ununue ipi ukiwa Dodoma?

Kwa mwenye IST, Passo au Noah, nafasi ya kwanza naipa mashine ndogo ya mkononi yenye waya na kioo chake. Haitaki simu wala betri. Umeme inauvuta kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani. Taa ya injini ikikuwakia Kibaigwa usiku, unachomeka na kusoma. Ila kataa inayosoma kodi tu. Chukua inayoonyesha pia vipimo vya injini ikiwa inaunguruma.

Mfano ni kodi P0171, yaani hewa imezidi petroli. Fundi mwenye haraka atakuuzia sensa ya oksijeni. Wewe tazama kwanza kipimo cha marekebisho ya mafuta, kinachoandikwa LTFT (ya muda mrefu) na STFT (ya muda mfupi). Kikiwa juu gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa), kisha kikashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mpira uliopasuka unaovuta hewa. Kikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, shuku sensa ya hewa iliyochafuka (na kwa vumbi la njia za Bahi na Mvumi, huchafuka kweli) au pampu ya mafuta iliyochoka. Kuisafisha sensa ya hewa kwa dawa yake ni rahisi kuliko kubadili sensa ya oksijeni isiyo na kosa.

Nafasi ya pili ni kidude cha bluetooth cha ELM327, unachochomeka kwenye soketi hiyohiyo, pamoja na programu ya simu kama Torque au Car Scanner. Ni rahisi, na kikiwa kizuri kinatosha kabisa. Tatizo ni nakala zilizojaa sokoni: nyingi zilizoandikwa v2.1 zimepunguzwa uwezo na hukatakata mawasiliano. Mwenye iPhone atafute cha Wi-Fi au bluetooth 4.0.

Tableti kubwa kama Launch X431 naiweka mwisho, si kwa ubaya. Inasoma ABS (breki zisizofunga matairi), eabegi na giaboksi, mambo ambayo vidogo vingi haviyagusi. Lakini hiyo ni zana ya gereji. Kwa gari moja, mlipe fundi akupimie.

Kuna mtego wa magari yetu ya Japani. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2, ule ambao mashine hizi huusoma, kuanzia magari ya mwaka 1996, lakini sheria hiyo haikuyabana yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Toyota ya miaka ya mwisho ya 1990 inaweza kuwa na soketi ileile na bado isijibu mashine ya kawaida. Kwa hiyo nenda dukani na gari lako, washa swichi hadi ON, jaribu ndipo ulipe. VIN (namba ya kimataifa ya utambulisho wa gari) isipotokea usishtuke, magari hayo hutumia namba ya chasisi.

Na kabla ya kubonyeza kufuta kodi, piga picha ya ukurasa wa freeze frame. Unaonyesha joto, mwendo na mzigo wa injini pale kosa liliponaswa, na ukifuta kodi, ukurasa huo nao unafutika.