Cat Mate C500 kwa paka mwenye kisukari: inafaa milo ya kati, si mlo wa sindano

Cat Mate C500 ni mashine ya kulishia paka kwa saa: sahani ya duara yenye vyumba vitano, mfuniko wenye dirisha moja, pakiti mbili za barafu zinazokaa chini ya sahani, na saa ya kidijitali inayoizungusha muda ulioweka ukifika. Inatumia betri za AA, kwa hiyo umeme ukikatika paka bado anakula. Kwa mwenye paka wa kisukari anayeshinda kazini, inastahili pesa yake, lakini kwa kazi moja tu: milo midogo ya kati, yaani ile inayoangukia kati ya sindano moja na nyingine. Mlo unaokwenda na sindano ya insulini, dawa ya kushusha sukari, usiiachie mashine hata siku moja.

Mashine inajua imefungua chumba. Haijui kama paka amekula. Paka aliyegoma kula kisha akachomwa dozi yake kamili anaweza kushukiwa na sukari chini ya 60 mg/dL, akaanza kuyumba, kulegea, hata kupata degedege. Kwa hiyo saa 1 asubuhi na saa 1 jioni weka chakula kwa mkono wako, mwangalie akila, ndipo uchome. Akila nusu au akikataa kabisa, mpigie daktari wa mifugo kabla ya kujaza bomba la sindano. Paka mnene akipitisha siku mbili bila kula ni wa kukimbizwa kwa daktari, maana ini lake hujaa mafuta upesi.

Milo ya kati ndiyo inayoleta utulivu ndani ya nyumba. Kisukari kikiwa hakijadhibitiwa, sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli, na paka anakuwa na njaa ya kweli huku anakonda. Ukimwekea chakula cha kutwa, anakifuta kwa mara moja, halafu usiku kucha analia mlangoni. Tena insulini wanazopewa paka mara nyingi hufika kileleni kati ya saa nne na nane baada ya sindano, na kipande cha chakula wakati huo kinasaidia sukari isiporomoke.

Chukua paka wa kilo 5 asiyehitaji kupunguza uzito. Mahitaji yake ni kama kilokalori 230 kwa siku, sawa na gramu 265 hivi za chakula laini chenye kilokalori 86 kwa gramu 100. Mpe gramu 85 asubuhi na 85 jioni. Zile 95 zinazobaki zigawe mara tatu: saa 5 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku. Tumia mizani ya jikoni, kijiko hudanganya. Saa ya mashine ni ya mtindo wa simu, hivyo saa 5 asubuhi yetu kwake ni 11. Ndani ya saa mbili kabla ya kupima sukari asile kitu, la sivyo kipimo kitapandishwa na chakula. Kumbuka pia kwamba chumba kimoja kinakaa wazi dirishani tangu unapofunga mfuniko: vilivyofunikwa ni vinne.

Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, pakiti za barafu hazitakufikisha asubuhi hadi usiku. Nunua jozi ya pili na ubadilishe wakati wa sindano ya jioni. Bora zaidi, gandisha mafungu ya gramu 30 kwenye trei ya barafu, kisha yale ya alasiri na ya usiku yaweke yakiwa yameganda. Yanayeyuka yenyewe kabla dirisha halijafika. Usirundike chakula hadi kikagusa mfuniko. Na sisimizi hawangoji saa yoyote: isimamishe mashine juu ya kitu kifupi katikati ya sinia lenye maji kidogo, maji yasiguse sehemu ya betri.

Mashine za kudondosha chakula kikavu ni rahisi kupatikana, ila kwa paka huyu hazifai. Soma lebo: kutoka 100 toa asilimia za protini, mafuta, nyuzi, majivu (yaani madini) na maji; kinachobaki ni wanga. Chakula kikavu cha protini 32, mafuta 12, nyuzi 3, majivu 7 na maji 8 kinabakiza wanga 38, na wanga huo unatoa karibu asilimia 38 ya nishati yote. Chakula laini cha 10, 5, 0.5, 2 na 80 kinabakiza 2.5, kama asilimia 10 ya nishati. Lakini usimhamishe paka aliye kwenye insulini kutoka kikavu kwenda laini bila daktari kujua. Wanga ukipungua, dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno leo.

Nyumba yenye paka wawili au watatu, C500 haisaidii, kwani yeyote anafikia dirisha na hutajua nani alikula. Hapo lipia SureFeed, sahani yenye mfuniko inayosoma chipu iliyo chini ya ngozi ya paka na kumfungulia aliyesajiliwa tu.