Nilimpeleka Mama Stratford Festival, Kanada: tulichokiona kwa siku mbili

Mama alifundisha Kiswahili sekondari kule Moshi mpaka akastaafu, na kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Vizazi na vizazi vya wanafunzi amewapitisha humo. Lakini tamthilia ya Shakespeare ikiigizwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, hakuwahi kuiona hata siku moja. Kwa hiyo alipokuja kunitembelea Kanada mwaka 2022 nikatukatia tiketi za Stratford Festival, mwanzoni mwa Septemba: siku ya kwanza Hamlet, siku ya pili Death and the King's Horseman ya Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria.

Hofu yangu ilikuwa lugha. Kiingereza cha Mama ni cha ofisini na cha taarifa ya habari, na Kiingereza cha Shakespeare kinawapiga chenga hata waliozaliwa huku.

Kwa wasiopajua, Stratford ni mji mdogo wa Ontario wenye watu 33,000 hivi, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Toronto. Zamani ulikula kwa jasho la karakana ya reli, iliyokuwa ikikarabati injini za treni za mvuke. Karakana ilipoanza kufifia, mwandishi wa habari mzaliwa wa hapo, Tom Patterson, akaona mji wenye jina la alikozaliwa Shakespeare, tena wenye mto uitwao Avon, una kitu cha kujishikia. Tamasha likaanza Julai 1953 ndani ya hema, Alec Guinness akiigiza Richard III. Tamthilia zilikuwa mbili tu, kwa wiki chache. Siku hizi msimu unaanza majira ya machipuo na kwenda mpaka Oktoba, tamthilia kumi hivi zikipokezana katika kumbi kadhaa. Mwigizaji uliyemwona mchana akiwa mfalme, kesho unaweza kumkuta mtumishi kwenye tamthilia nyingine kabisa.

Tulifika mapema tukakaa kando ya mto na chakula chetu. Watu wanatandika mablanketi kwenye nyasi, mabatamaji weupe wanapita taratibu majini, hakuna anayekuharakisha. Kisha, muda ulipokaribia, tukasikia tarumbeta nje ya ukumbi mkubwa, mbiu ya kuwaita watu waingie. Mama akasimama kabla yangu.

Ukumbi huo, Festival Theatre, una viti zaidi ya 1,800, lakini jukwaa lake linachomoza na kuingia katikati ya watazamaji, wao wanalizunguka pande tatu, na hakuna kiti kilicho mbali nalo zaidi ya mita 20 hivi. Alilibuni Tanya Moiseiwitsch pamoja na mwongozaji wa kwanza wa tamasha, Tyrone Guthrie. Hakuna pazia. Kuna wakati mwigizaji anakupa mgongo, na hapo unamsoma kwa mabega na kwa uso wa yule anayezungumza naye. Mimi nimelizoea jukwaa la shule, la upande mmoja kama dirisha. Hili liko kama uwanja wa ngoma kijijini, watu wamezunguka na mchezaji yumo katikati yao.

Hamlet, mwana wa mfalme aliyefiwa na baba yake, aliigizwa na Amaka Umeh, ambaye magazeti ya hapa yaliandika kuwa ndiye mwigizaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo katika tamasha hili. Mavazi yalikuwa ya siku hizi. Dakika kumi za mwanzo Mama alikuwa ananiinamia sikioni: huyu nani, yule kasema nini. Nikawa namtafsiria kwa kunong'ona, mpaka akanishika mkono akaniambia, "Acha, nasikia." Hakuniuliza tena. Maneno mengi yalimpita, nina hakika, kwa sababu hata mimi yalinipita. Lakini Umeh alikuwa akilifikiria neno mbele yetu kabla ya kulitamka, unaona wazo linamjia, linamuumiza, ndipo linatoka. Mtu akizungumza hivyo, lugha ngumu inakuwa sauti ya mtu mwenye msiba tu, na msiba hauhitaji kamusi.

Usiku ule nyumba ya wageni niliyoilipia ilikuwa imempa mtu mwingine chumba chetu, tukazunguka saa nzima kutafuta pengine. Siku za wikiendi za kiangazi vyumba vinajaa, kwa hiyo shika chumba kabla hata ya tiketi, na piga simu kuhakikisha.

Sasa Soyinka. Hii ilichezwa Tom Patterson Theatre, jengo jipya la vioo vilivyopinda ukingoni mwa mto, lililofunguliwa mwaka huohuo wa 2022. Ukumbi wake ni mdogo, watu 600 hivi, na jukwaa ni refu kama uchochoro. Tamthilia inaanza sokoni wakati soko linafungwa, Elesin, mpanda farasi wa mfalme, akija na wapiga ngoma na manju wa kumsifu, na jukwaa lile refu likawa njia ya sokoni kwelikweli. Mwongozaji alikuwa Tawiah M'Carthy. Elesin anatakiwa kumfuata mfalme wake kaburini, na afisa wa kikoloni, Pilkings, anamzuia akidhani anaokoa maisha. Soyinka aliijenga juu ya tukio la kweli la Oyo, Nigeria, miaka ya 1940.

Hapa mimi ndiye niliyehitaji kufafanuliwa. Pilkings na mkewe walipotokea wamevaa maleba ya egungun, mavazi ya mizimu, kwa ajili ya kwenda kucheza dansi, Mama alifyonya kwa sauti, na mama mmoja mweusi wa mstari wa mbele akageuka akamtikisia kichwa kukubali. Na wale wasichana wa sokoni walipoanza kuigiza Kiingereza cha wakubwa ili kumfukuza yule askari Amusa, Mama alicheka mpaka akatoa kitambaa, sekunde kadhaa kabla ya watu waliotuzunguka. Aliwajua. Aliwahi kuwa mmoja wao.

Ukinilazimisha kuchagua, Hamlet iliigizwa kwa ustadi mkubwa zaidi, ila ya Soyinka ndiyo iliyokaa nami. Tamasha lililoanza na Richard III kuweka tamthilia ya maisha ya Wayoruba kwenye jukwaa lake jipya kabisa, msimu uleule wa kulifungua, naliheshimu sana kwa hilo. Natamani siku moja nione humo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kwa sababu inastahili na jukwaa lile linaifaa.

Mambo machache kwa anayetaka kwenda. Kuna basi la tamasha kutoka katikati ya Toronto, liweke mapema. Bei za viti zinatofautiana sana. Tom Patterson ni ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya kulipia cha ghali. Chukua sweta, ndani kuna baridi ya kiyoyozi hata nje pakiwa na joto. Soma muhtasari wa hadithi kabla ya kwenda, kisha ukiingia usihangaike na kila neno.

Tulipokuwa tunarudi Mama alinyamaza njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema, "Watoto wa watu niliwakalisha, nikasimama mimi." Akaniuliza kama nina Juliasi Kaizari. Ninayo, ni nakala yake mwenyewe, niliondoka nayo Moshi. Akanisimamisha jikoni saa nne usiku. Yeye akachukua hotuba ya Antoni mazishini, mimi nikapewa umati wote wa Warumi, na kila nilipopunguza sauti alinirudisha mwanzo.