Nukta sabini na moja kwa kidole gumba: uzoefu wangu na programu ya kuandikia skripti kwenye simu

Nilikuwa nimekusudia kuipa programu hii nyota moja na kuondoka bila maelezo, lakini mtu aliyeitumia kwa miaka kadhaa haondoki kimya. Nilianza nayo kabla treni ya SGR haijafika Dodoma mwaka 2024, wakati wahusika wa skripti yangu walikuwa bado wanasafiri kwa basi kutoka Morogoro. Treni ilipoanza, niliwashusha wote na kuwapandisha kwenye behewa, na kazi hiyo niliifanya kwa kidole gumba, nikiwa nimekaa Nyerere Square au nikisubiri daladala ya kurudi Ipagala.

Siku hizo programu ilikuwa changa na haikuwa na makuu. Iliweka jina la mhusika mahali pake, ikapanga mazungumzo chini yake, ikatumia herufi za Courier za ukubwa wa 12 ili ukurasa mmoja ukaribie dakika moja ya filamu, basi. Matoleo yaliyofuata yaliongeza vitu vyenye manufaa, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba nilipoomba vichwa vya sini, yaani mistari inayotaja kila tukio linatokea wapi na wakati gani, viweze kuanza kwa NDANI na NJE badala ya vifupisho vya Kiingereza INT na EXT, mtengenezaji alinijibu mwenyewe, na toleo lililofuata likaja na jambo hilo. Nilikuwa nimelipa mara moja tu, tena kiasi kidogo, nami nikajiona mteja mkubwa.

Kisha, nadhani ni miezi michache iliyopita, likaja toleo jipya kabisa lenye malipo ya kila mwezi. Malipo ninayavumilia. Nisichokivumilia ni kwamba nilifungua skripti yangu ya kurasa 94 nikakuta orodha ya sini, iliyokuwa na sini 71, inasoma sifuri. Kila "NDANI. BEHEWA – USIKU" ilikuwa imegeuzwa kuwa maelezo ya kawaida, kwa sababu programu sasa ilitambua INT na EXT peke yake. Mwongozaji alikuwa akiisubiri orodha hiyo ili apange siku za kupiga picha, na shamba la zabibu tulilokubaliwa kulitumia lilikuwa linakaribia kuvunwa, nasi tulitaka mashada yaonekane yakiwa bado yananing'inia.

Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja. Aliyejibu, ambaye hakujisumbua hata kunisalimu, alisema kwamba waandishi wa kweli hutumia INT na EXT, na kwamba lugha yangu haimo katika mipango yao. Nilisoma jibu hilo mara tatu. Hapa kwetu hata anayekuja kukudai deni hukujulia hali kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta programu nyingine ya kuhamia, na katika kutafuta nikagundua jambo lililonivuruga zaidi. Mafaili yangu yalikuwa yamehifadhiwa kwa mtindo uitwao Fountain, yaani maandishi ya kawaida yanayofunguka mahali popote, na mtindo huo una kanuni kwamba mstari unaoanza na nukta ni kichwa cha sini, hata uwe umeandikwa kwa lugha gani, na nukta yenyewe haitokei kwenye karatasi. Nikaweka nukta mbele ya NDANI ya kwanza. Sini ikaonekana kwenye orodha. Nilicheka peke yangu, nikasema programu hii haina kosa, inastahili nyota nne, nami nilikuwa na haraka ya kulaumu.

Nilipofika nukta ya arobaini hivi, kidole kikiuma, nikakumbuka kwamba yule bwana angeweza kuniambia haya kwa sentensi moja. Ama alijua akaninyima, ama haijui programu anayoitetea. Sijui lipi ni baya zaidi. Nyota mbili zikaanguka palepale.

Orodha ilikamilika, sini zote 71 zikiwamo, na mwongozaji akaipata siku mbili baada ya wenye shamba kuanza kuvuna upande wa barabarani. Tutapiga picha upande wa pili. Nyota mbili zilizobaki ni za yule mtengenezaji aliyenijibu zamani, kama bado yupo.