Valheim peke yangu, Valheim na wenzangu: mipangilio ninayoigusa na ninayoiacha

Nilianza kucheza Valheim, mchezo wa kompyuta wa kuishi porini, kujenga na kupigana kama Waviking, kabla haijawa na mipangilio ya dunia. Enzi hizo mchezo ukikushinda ulivumilia tu, au ulihangaika kutafuta modi, yaani marekebisho yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe. Tangu Agosti 2023, lilipotoka sasisho la Hildir's Request, kuna kitufe pale unapochagua dunia ambacho kinakuachia upange mwenyewe ugumu wa mapigano, adhabu ya kufa, wingi wa mali unazovuna, uvamizi wa maadui kwenye makazi yako, na portali, yaani milango inayokuhamisha mara moja hadi mahali pa mbali. Nina dunia mbili sasa: moja ni yangu mwenyewe, nyingine ni ya kundi letu dogo. Nimezipanga tofauti kabisa.

Ukiwa peke yako, kinachokuchosha si maadui, ni kubeba. Mwili unahimili uzito wa 300, ukizidisha unaanza kujikokota. Kipande kimoja cha chuma ghafi kina uzito wa 10. Piga hesabu mwenyewe: ni mizunguko mingapi kutoka makaburi ya kinamasini, chuma kinakopatikana, hadi mashuani, tope hadi magotini, sumu inakumaliza polepole, na hakuna wa kukupokea mzigo? Juu ya hayo, kwa kawaida madini hayapiti kwenye portali, kwa hiyo ukishapakia unaanza kubembeleza upepo. Kwangu nimeongeza mali hadi mara 1.5, na portali nimezilegeza zipitishe kila kitu. Wapo watakaosema huko ni kudanganya. Waseme. Muda wa kucheza ni wangu.

Mapigano sijayagusa, na simshauri mtu ayapunguze haraka. Valheim inakulazimisha ule: bila chakula una uhai wa 25 tu, na tumbo linapokea vyakula vitatu vya aina tofauti kwa wakati mmoja. Ukilegeza mapigano, mfumo mzima wa jikoni unakosa kazi. Unapiga magogo ukiwa umekula uyoga tu, jitu la msituni linakuja na gogo lake, linakugonga, na wewe unacheka. Hapo utachoka na mchezo mapema kuliko unavyodhani. Adhabu ya kufa nayo naiacha ya kawaida: vitu vinabaki kaburini pale ulipoangukia na ujuzi wako unapungua kwa asilimia 5. Inauma, lakini bila hiyo sioni sababu ya kujipanga kabla ya safari. Ile ya juu kabisa, inayofuta vitu na ujuzi wote, nawaachia wenye roho ngumu.

Kwenye dunia ya kundi mambo yanageuka. Mchezo wenyewe huongeza nguvu za maadui kadiri wachezaji wanavyokuwa karibu karibu, kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza ugumu juu ya ugumu. Mali tumeiacha ya kawaida kwa sababu mikono ni mingi. Ukiizidisha, masanduku yanajaa na watu wanakosa la kufanya. Portali pia ni za kawaida, na hapa siko tayari kujadiliana na mtu. Safari ya kurudisha chuma kwa meli ndiyo inayobaki kwenye mazungumzo: mvua ya usiku, mmoja kwenye usukani, wengine wameshika pinde, halafu mtu anauliza, "Jamani, hicho kilichoinuka nyuma yetu ni nini?" Ni nyoka wa baharini, na shehena yote iko ndani. Ukifungua portali, usiku huo haupo.

Mpangilio ambao watu wengi wanaupita bila kuuona ni ule wa uvamizi kufuata maendeleo ya kila mchezaji badala ya maendeleo ya dunia. Kama kundi limeshaangusha mabosi kadhaa, wale maadui wakubwa wa mchezo, na mgeni anajiunga leo, uwashe. Bila huo, kibanda chake cha mbao kinaweza kuvamiwa na viumbe ambao hana hata silaha ya kuwakwaruza.

Usisahau pia kwamba mipangilio ni ya dunia, si ya mhusika. Mhusika wako anahama na begi lake. Mtu anaweza kujirundikia chuma kwenye dunia yake iliyolegezwa, kisha akatua kwenye dunia yenu akiwa amevaa kivita kamili. Hakuna mpangilio kwenye ile menyu unaozuia hilo, kwa hiyo sisi tulikubaliana kila mtu aanze na mhusika mpya. Nywila ya kuingia kwenye dunia ya pamoja inataka angalau herufi 5 na nafasi ni za watu 10, lakini kwa maoni yangu wanne wanatosha. Kila mtu lazima alale kitandani ndipo usiku uruke, na siku zote kuna mmoja aliyesahau yuko kwenye handaki.

Kinachoniudhi ni kwamba mwenyeji, yule ambaye dunia iko kwenye kompyuta yake, akizima, dunia nayo inalala, labda muwe na seva inayojitegemea, yaani kompyuta inayoiendesha dunia bila kumtegemea yeye. Tena seva ikiwa wazi mchezo hausimami ukifungua menyu, tofauti na ukiwa peke yako.

Kubadilisha katikati ya safari hakuna shida. Mwenyeji anafunga dunia, anasogeza anachotaka, anafungua tena. Majengo na masanduku yanabaki yalivyo. Tulipokuwa tunajenga gati tulipunguza uvamizi, na lilipokamilika tukaurudisha, kwa kura, mmoja akipinga hadi leo.